Isome Pete, Mwache Ndege

Yule shakwe mkubwa wa Mwanza, mwenye mgongo mweusi, miguu ya njano na doa jekundu mdomoni, ni mgeni. Huzaliwa kwenye visiwa na maziwa ya Finland na kaskazini mwa Urusi, huondoka huko Agosti na Septemba, na ifikapo Novemba yuko Ziwa Victoria akigombania dagaa na wenyeji. Helsinki hadi Mwanza ni karibu kilomita 7,000, na karibu njia yote ni kushuka kusini tu. Machi na Aprili hurudi alikotoka. Wachache kati yao wana pete ya plastiki ya rangi mguuni, yenye herufi na tarakimu zilizokuzwa makusudi ili zisomeke kwa mbali. Mtu mwenye macho mazuri na subira anaweza kuisoma pete hiyo bila kumgusa ndege, na ujuzi huo hauhitaji mtu awe na shahada.

Najua swali litakaloulizwa hapa kwetu Ulyankulu, mkoani Tabora: sisi na shakwe wapi na wapi? Ni kweli, Ulyankulu kuna miombo, tumbaku na asali, ziwa hakuna. Lakini mtu wa Ulyankulu hakai Ulyankulu tu. Ana ndugu Mwanza, ana mzigo wake soko la Mwaloni Kirumba, anafuata samaki Nguruka, anafika Kigoma. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, mbuga za Mto Igombe na majaruba ya mpunga hupokea wageni wengine watokao upande ule ule wa dunia: korongo weupe wa Ulaya, keremkerem, mbayuwayu, vipanga. Nao pia huvishwa pete. Namna ya kumsoma shakwe Mwaloni ndiyo namna ya kumsoma korongo jarubani.

Isitoshe, hapa ni mahali palipowahi kujua kila msafara uliopita. Mtemi Mirambo, aliyekuwa na makao yake Ulyankulu, aliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji mwaka 1871, hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikambidi azungukie kusini. Aliyetaka kupita salama alilipa hongo, na habari zake zikajulikana. Msafara wa ndege ukapita juu ya vichwa vyao wote bila kulipa hata ushanga mmoja, na hakuna aliyeuandika. Hali haijabadilika sana. Ukiangalia ramani za kumbukumbu za ndege wenye pete, Ulaya imejaa vidoto hadi havitenganiki, na huku kwetu vidoto ni vya kuhesabu. Ndege wapo. Wasomaji wa pete ndio wachache.

Zamani aliyetaka kumjua ndege alimpiga risasi. Mjerumani Richard Böhm, aliyeishi kusini mwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1880, alifanya kazi hiyo kwa bunduki na kisu: alimwangusha ndege, akamchuna, akaipeleka ngozi makumbusho ya Ulaya. Yuko keremkerem anayeitwa kwa jina lake hadi leo. Ngozi ile inatuambia kwamba ndege fulani alikuwa mahali fulani siku fulani, basi. Alizaliwa wapi, alikuwa anakwenda wapi, kama angerudi mwaka wa pili, hayo yote yalikufa pamoja naye. Wazungu wenyewe hawakuwa na uhakika korongo wao wanakwenda wapi mpaka mwaka 1822, alipouawa mmoja kaskazini mwa Ujerumani akiwa amechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika, akaruka nao hadi kwao. Bado wamemhifadhi Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake. Aliyeleta njia nzuri zaidi alikuwa mwalimu wa shule, Hans Mortensen wa mji wa Viborg, Denmark. Mwaka 1899 aliwafunga ndege pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani, akawaachia waende, akasubiri barua. Mpaka leo kazi yote inategemea hiyo barua, ingawa siku hizi inapita kwenye simu.

Sasa tuje kwenye pete zenyewe. Ya kwanza ni ya chuma. Ni nyembamba, ina namba na jina la kituo kilichoitoa, na maandishi yake ni madogo. Kwa kawaida utaisoma ndege akiwa mkononi, au kwa darubini kubwa ya miguu mitatu. Ya pili ni ya plastiki yenye rangi, ndefu kidogo, na maandishi yake ni makubwa: herufi na tarakimu tatu, nne au zaidi. Hii ndiyo iliyobadilisha mambo. Ya chuma huripotiwa zaidi ndege akishakufa au akinaswa, kwa hiyo hutoa habari mara moja tu. Ya rangi inasomwa akiwa hai: mwaka huu Mwanza, mwaka ujao Kigoma, kiangazi kijacho kwao Finland. Shakwe wa jamii hii anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, kwa hiyo ndege mmoja anaweza kujaza daftari zima.

Mwaloni, au popote pengine pa kando ya ziwa, usianze kwa kutazama ndege. Anza na miguu. Kosa la mgeni wa kazi hii ni kufuata wale wanaoruka na kupiga kelele juu ya mitumbwi, hao hawasomeki. Tafuta waliosimama: juu ya nguzo, kwenye ukingo wa mtumbwi uliofungwa, kwenye mawe, juu ya mchanga wasipokuwa na njaa. Chambua kwa rangi ya miguu kwanza. Shakwe wa kienyeji wa ziwani, mdogo mwenye kichwa cha kijivu akiwa mzima, ana miguu myekundu na mdomo mwekundu. Usimalize asubuhi yako kwake. Unayemtaka ana miguu ya njano. Angalia pia wale wakubwa wa rangi ya kahawia yenye madoadoa, maana ni wachanga wa jamii hiyo hiyo. Ndege wengi huvishwa pete wakiwa makinda kabla hawajaruka, na wengine miaka yao ya mwanzo hawarudi kaskazini, kwa hiyo unaweza kuwakuta hata Juni.

Jua liwe mgongoni kwako. Likiwa mbele, pete ya njano na nyeupe zinakuwa kitu kimoja, na buluu inakuwa nyeusi. Ukishaiona pete, usisogee haraka. Maandishi hurudiwa kuizunguka pete, hivyo upande mmoja ukiwa na tope au kivuli, subiri ageuke. Mara nyingi husomwa kutoka chini kwenda juu, yaani kutoka kwenye vidole kuelekea tumboni. Soma, fumba macho, soma tena upya kana kwamba hujawahi kuiona. Wasomaji wazoefu hawaamini usomaji wao wa kwanza, na wana sababu: 8 na B, 5 na S, 1 na I, V na Y zimewadanganya wengi. Herufi usiyo na hakika nayo iandikie alama ya kuuliza. Pete iliyosomwa nusu kwa uaminifu ina faida. Iliyokamilishwa kwa kubahatisha ni uongo unaomhamisha ndege mwingine kabisa na kumleta Tanzania asikofika.

Andika pale pale kabla hujamsimulia mtu. Tarehe na saa. Rangi ya pete na rangi ya maandishi, yote mawili, maana nyeusi yenye herufi nyeupe na nyeupe yenye herufi nyeusi ni miradi tofauti. Mguu gani: wa kulia au wa kushoto wa ndege mwenyewe, akikutazama uso kwa uso, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapa ndipo watu hukosea kila siku. Juu au chini ya kile kiungo cha katikati ya mguu kinachokunjika kwa nyuma. Mguu wa pili una nini: chuma, rangi nyingine, au mtupu? Kisha mahali. "Tabora" haitoshi, wala "Ulyankulu" haitoshi. Eneo ni kubwa. Andika kijiji, kata na kitu kinachojulikana karibu. Simu nyingi zina ramani inayoonyesha majiranukta ya mahali ulipo hata kama huna bando wala mtandao, kwa sababu yanatoka kwenye satelaiti. Nakili namba hizo zote kama zilivyo.

Darubini ya mkono inayokuza mara 8 au 10 inatosha kwa shakwe aliyezoea watu. Kama huna, simu inaweza kukusaidia kuliko unavyodhani. Piga video badala ya picha moja, ukiwa umeegemeza mkono kwenye ukuta au mti, kisha nyumbani isimamishe kipande kwa kipande mpaka pete itulie. Ukiweka kamera ya simu kwenye jicho la darubini unapata zaidi, ila inahitaji mazoezi, na mikono itatetemeka mwanzoni. Piga miguu yote miwili, na umpige ndege mzima pia, ili wa mbali waweze kuthibitisha ni jamii gani.

Korongo ni kazi rahisi zaidi na ngumu zaidi. Rahisi, kwa kuwa ni mkubwa na pete yake, mara nyingi ya plastiki nyeusi yenye maandishi meupe, huwekwa juu ya kiungo. Haikuwekwa huko kwa urembo. Korongo hujinyea miguuni ili kujipoza joto, na kwenye jua la kwetu miguu myekundu hugeuka kuwa na chokaa. Pete ya chini ingefunikwa isisomeke, na uchafu ukikauka humuumiza. Ugumu ni kwamba yuko wazi mbugani na anakuona kabla hujamwona. Mtu anayemwendea kwa miguu humtimua. Ukimkuta njiani ukiwa kwenye pikipiki au baiskeli, usishuke, simama ulipo. Mahali pa kumtafuta ni palipoungua karibuni na majaruba yanayolimwa, maana anafuata panzi, viwavijeshi na nzige. Huyu ni kibarua asiyelipwa. Bonde la Malagarasi ni moja ya mazalio ya nzige wekundu yanayojulikana Tanzania, na mwaka 2009 FAO na wenzake walilazimika kunyunyizia kuvu wa kuua nzige huko, Rukwa na Iku-Katavi ili kuzuia balaa lisisambae. Bonde hilo hilo, Malagarasi-Muyovozi, ndilo ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, mwaka 2000. Korongo wanajua wanachokifuata.

Neno kwa wafuga nyuki. Najua keremkerem hana rafiki kwenye mizinga, na sitakuomba umpende. Lakini wale wa Ulaya ni wapita njia, na ukimkuta mmoja amekufa au amenaswa, tazama mguu kabla hujamtupa. Pete yake ni ya chuma, ndogo kuliko ya njiwa, na ukitazama kwa haraka utaikosa. Kwa njiwa wenyewe, tahadhari: wafugaji wa njiwa wa mashindano nao huwavisha pete, isiyo na mshono, yenye herufi za nchi na mwaka. Hiyo ina mwenyewe, na haihusiani na vituo vya utafiti.

Ndege hai akinaswa kwenye wavu au uzi, mfunike kichwa kwa kanga, giza humtuliza. Bana mbawa zake ubavuni, na kama ni korongo au yangeyange elekeza mdomo mbali na macho yako, kwa sababu analenga macho. Soma namba, mtu mwingine aisome tena bila kuambiwa, piga picha, mkate uzi, mwachie. Pete usiikate. Pete bila ndege ni kipande cha bati. Hakuna anayeinunua, na atakayekuambia ina zebaki au ina bei mjini ni tapeli. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kukamata ndege wa porini bila kibali, hata kwa nia ya kusoma pete, kwa hiyo mtegee macho tu. Kumnasua aliyekwisha kunaswa ni jambo jingine, na ni busara kumjulisha ofisa wanyamapori wa halmashauri.

Aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, na usimle hata kama anaonekana mnono. Januari 2017 ndege wa porini walikufa kwa wingi Lutembe, karibu na Entebbe, upande wa Uganda wa ziwa letu, na ikathibitika ni mafua ya ndege. Vaa mfuko wa plastiki mkononi kama glavu, soma, piga picha, fukia, nawa kwa sabuni. Wakifa wengi mahali pamoja, usiguse kabisa. Piga simu kwa ofisa mifugo siku hiyo hiyo. Pete ya aliyekufa kweli unaweza kuitoa kama una njia salama. Inyooshe taratibu, isafishe, igandishe kwa utepe kwenye karatasi yenye tarehe na mahali.

Kuna wanaobeba zaidi ya pete: kifaa kidogo mgongoni chenye kioo cha jua na uzi mwembamba wa antena. Hapa ndipo hofu huingia. Mwaka 2012 tai mmoja mwenye kifaa na pete za Israel alikamatwa Darfur, Sudan, akashukiwa ujasusi. Mwaka 2013 korongo aliyevishwa kifaa huko Ulaya aliwekwa ndani kituo cha polisi mkoani Qena, Misri, mpaka wataalamu walipoeleza ni cha kufuatilia safari zake. Tusiwacheke sana, mtu asiyeelezwa hana budi kushuku. Dawa ya hofu ni kusoma maandishi. Januari 2024 huko Siaya, Kenya, ndege mbuai mla samaki alipatikana akiwa hoi. Wanakijiji walitoa taarifa, Shirika la Wanyamapori la Kenya likaja, pete ikasomwa: makumbusho ya Helsinki. Mambo yakaeleweka pale pale. Kifaa basi usikifungue wala usikivue. Ndege akiwa amekufa, kitunze pakavu na utoe taarifa, maana wenyewe wanakitafuta.

Taarifa yenyewe inapelekwa wapi? Maandishi ya pete ya chuma yatakuonyesha: Helsinki, Stockholm, Radolfzell, Gdansk, Moskwa na kadhalika ni vituo vya huko, Museum Nairobi ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Safring ni Chuo Kikuu cha Cape Town. Baadhi zina anwani ya intaneti, www.ring.ac, na hiyo hupokea pete ya kituo chochote cha Ulaya kwa kupitia EURING, muungano wa vituo vyao. Pete ya rangi isiyo na jina la kituo itafute kwenye orodha ya miradi ya tovuti ya cr-birding, ambako unachagua jamii ya ndege, rangi na aina ya maandishi mpaka unampata mwenye mradi. Yote yakikushinda, TAWIRI, taasisi yetu ya utafiti wa wanyamapori iliyoko Arusha, ndiyo ya kuandikiwa. Kiingereza kibovu kinatosha. Namba, tarehe na picha havihitaji sarufi. Hakuna ada, na hakuna zawadi ya fedha. Utakachopata, wakati mwingine baada ya majuma, ni historia ya ndege wako: alivishwa lini, kiota gani, nani mwingine alimwona na wapi.

Kuna anayeona hayo ni mambo ya kujifurahisha Wazungu. Sikubaliani naye. Shakwe hao wa mgongo mweusi wamepungua Finland hadi wakaingizwa kwenye orodha ya walio hatarini, na watafiti wa huko walipokuta makinda yanakufa viotani walishuku mabaki ya dawa ya wadudu ya DDT ambayo wazazi wao huyapata wanakokaa wakati wa baridi. Wakati wa baridi wanakaa kwetu. Wanakula samaki wale wale tunaokula. Kama mwili wa shakwe unabeba sumu kutoka ziwani, au wa korongo kutoka shamba lililopigwa dawa ya wadudu, wa kwanza kutaka kujua tungepaswa kuwa sisi, na hasa wakulima wa tumbaku ambao mikono yao haikauki dawa. Lakini bila kujua ndege yupi alikaa wapi, huwezi kuuliza swali hilo sawasawa.

Na kuna elimu tupu, ambayo nayo si haba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, shakwe wa Finland na wa visiwa vya Solovki, Urusi, walisafirishwa mbali na njia yao, wengine Helgoland magharibi, wengine Kazan mashariki, wakaachiwa na vifaa mgongoni. Kati ya waliopelekwa magharibi, waliokuwa wazima walijirekebisha kuelekea njia yao ya kawaida. Waliokatwa neva ya kunusa hawakuweza. Inaonekana ndege huyu hufika Ziwa Victoria akisaidiwa na pua.

Walimu wa Ulyankulu, kazi hii ni yenu kuliko ya mtu mwingine. Mortensen alikuwa mwalimu mwenzenu. Shule yenye daftari moja, simu moja ya mwalimu na watoto wanaopita mbugani asubuhi na jioni inaona miguu mingi ya ndege kuliko mtafiti yeyote atakayekuja kwa gari. Wafundisheni watoto mambo mawili tu kwanza: kushoto kwa ndege ni kupi, na kwamba manati hubaki nyumbani. Anzeni Oktoba, kabla korongo hawajafika. Na mwenye safari ya Mwanza mwezi huo aombwe apite Mwaloni asubuhi, atazame miguu ya njano, aandike.